Kikohozi cha Prof na Chupa Zangu Safi

Lindi, mjukuu wangu, punguza hiyo redio kwanza. Haya, simu inarekodi? Nikiona kitaa chekundu ndio naanza.

Vijana, hamjambo. Nyie mnaosuka nywele pale Joubert Park, nyie walinzi wa mageti, nyie mnaosoma, na nyie wajukuu zangu mnaoelewa Kiswahili chote halafu mnanijibu "yebo, Gogo", yaani ndiyo Bibi, hamjambo wote. Mmeniomba niwaambie kazi niliyofanya miaka yote, maana mmoja anasema Mama Zuhura alikuwa nesi, mwingine eti daktari. Daktari! Mie shule niliiona kwa nje, nikipita na ndoo kichwani. Nilikuwa muosha chupa. Ila chupa za maabara ya virusi, kwa hiyo msinicheke haraka.

Nilikuja Johannesburg nimemfuata mume. Marehemu alikuwa mtu wa huku Afrika Kusini, mkimbizi wa siasa kwetu Morogoro, akanioa, waliporuhusiwa kurudi kwao nikabeba watoto na kinu changu nikaja. Kinu! Kwenye fleti ya ghorofa ya saba, hapa hapa Berea. Nikitwanga, jirani wa chini anagonga dari kwa ufagio. Huyo jirani ndiye aliyenitafutia kazi. Nadhani alitaka mikono yangu ichokee kwingine.

Jina lake Ma-Dlamini, Mzulu, mwanamke mkubwa, sauti kama lori linapanda mlima. Alikuwa mkuu wa chumba cha kuoshea pale maabara. Siku ya kwanza akanishika bega: "Wena, Tanzania! Huku hatuoshi sahani. Sahani ikibaki na sabuni, utaharisha, basi. Chupa ikibaki na sabuni, mtoto wa watu amepoteza mwaka wake wa shule." Mpaka anastaafu hakuniita Zuhura hata mara moja. Tanzania tu. Nikikosea: "Hhayi, Tanzania yote!" Yaani na milima na maziwa yake, wote tumekosea.

Alichonifundisha nawapa bure. Chupa safi huijui kwa kung'aa, hata chafu inang'aa. Ijaze maji, imwage, uinue dirishani. Maji yakishuka kama shuka moja, laini, chupa ni safi. Yakijikusanya matone matone, bado kuna mafuta, rudi kwenye beseni. Jingine, kile chakula chao cha seli, zile chembe hai wanazofuga mle, kile chekundu chekundu kama sharubati, usikiache kikauke kwenye chupa. Kikikauka utasugua mpaka uchakae wewe. Na ukipeleka chupa kwenye otoklevu, yaani lile jungu kubwa la mvuke linaloua vijidudu, legeza kifuniko. Kabelo hakulegeza.

Kabelo alikuwa fundi wa vyombo, kijana mnene mpole, mtu wa kula. Siku moja alikuwa na haraka ya lanchi, akakaza vifuniko vyote kwa nguvu za mwanaume. Jungu likafika katikati ya kazi, PAA! Halafu PAA nyingine. Wasomi wote wakalala chini, maana hii ni Johannesburg, ukisikia hivyo huulizi. Ma-Dlamini peke yake alibaki amesimama, anafuma soksi. "Inukeni," anasema, "hakuna majambazi. Ni Kabelo na njaa yake."

Sasa zile chupa za chakula cha seli, zikitoka kwenye mvuke, Ma-Dlamini alikuwa anaziingiza tena kwenye oveni. Oveni kavu, kali, si ya keki hiyo, ukiweka keki unatoa mkaa. Anazioka saa na saa. Nikamuuliza, Ma, mvuke umeshaua kila kitu, tunaoka nini tena? "Aliyenifundisha alikuwa anaoka. Mimi naoka. Wewe unaoka. Sharp?" Sharp, yaani sawa. Nikaoka. Yeye akastaafu, akarudi kwao Natal kufuga kuku, nikabaki naoka.

Bosi wetu tulimwita Prof. Mzungu mrefu, mkavu, moyo mzuri, ila hakuwa anajua kuingia mahali kama watu. Kabla hajatokea, unasikia koo lake kwenye korido: "Hm-hrrm!" Fupi, nzito, mwishoni inapanda kidogo. Hiyo hm-hrrm ndiyo ilikuwa inaendesha maabara nzima. Aliyekuwa kwenye simu anaificha, aliyesinzia anashika kalamu. Hagombezi mtu, wallahi, anasema tu "Ja, nzuri, nzuri," anapita. Lakini lile koo!

Na mie mnanijua. Sauti ya mtu ikiingia sikioni kwangu haitoki. Naiga mchungaji, naiga msimamizi wa jengo, Lindi hapa namuiga anavyoongea na yule kijana wake... haya, haya, usizime simu, nimeacha.

Basi akaja Nsimire. Mtoto wa Bukavu, Mkongo, mwembamba kama uzi wa kushonea, amekuja kusomea udaktari wa virusi. Alivyonisikia nasema "jamani" nikiwa kwenye beseni, alidondosha faili lake. "Mama! Unasema Kiswahili?" Nikamwambia nakisema, nyie Wakongo ndio mnakivunja. Kuanzia hapo akawa mwanangu. Akichoka anakuja kukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mie naosha, yeye ananieleza kazi yake. Na anaeleza vizuri. Ngoja niwe yeye:

"Mama Zuhura, seli ya damu iko na masikio, huku inje. Ikisikia adui, inapiga yowe, na habari inashuka mupaka ndani kabisa, kwenye jeni. Jeni njo maagizo yote ya seli. Zingine zimefungwa, zingine ziko wazi. Yowe ikifika, inafungua jeni za vita. Sasa kirusi cha UKIMWI, Mama, kiko na akili mubaya. Kimeingia, kimejipachika katikati ya jeni zetu, kimelala. Na kwenye mulango yake kimeweka kufuli ya namna moja na ile ya jeni za vita. Donc, basi, funguo moja, milango mbili."

Nikasimamisha brashi. Yaani sisi tukipiga yowe la kujitetea, ndio tunamuamsha?

"Njo vile!"

Na akaniambia virusi havifanani tabia. Kuna vinavyoziba mdomo wa seli isipige yowe kabisa. Kuna vingine vinatengeneza yowe lao la uongo, vinaiga sauti ya mwili wenyewe, mwili unafungua na kufunga jeni zake ukidhani umejiamuru mwenyewe. Nikamwambia hao ni ndugu zangu, wasalimie.

Kazi yake Nsimire ilikuwa kutafuta dawa ya kukiamsha kile kirusi kilicholala, kitoke maficho, kipigwe. Alikuwa na seli za kufugwa kwenye visahani, ndani yake kirusi kimelala, kimekatwa makali hakiwezi kumuambukiza mtu. Na wamekifunga kitaa cha kijani. Kikiamka, seli inawaka kijani kwenye hadubini. Kwa hiyo visahani vingine anatia dawa, vingine hatii. Vyenye dawa viwake, visivyo na dawa vibaki giza. Hapo ndipo unajua ni dawa iliyofanya kazi. Mie sikusoma ila hilo nililielewa, ni kama kuonja mboga yenye chumvi na isiyo na chumvi.

Mwanzoni alikwenda vizuri. Halafu ukaja ule mgao mkubwa wa umeme, mnaukumbuka, asubuhi hakuna, jioni hakuna. Genereta la maabara likawa linatosha mafriji na makabati ya kutunzia seli tu. Prof akatuita: "Hm-hrrm. Ja, Mama Zu, hiyo oveni inakula umeme kama tembo. Mvuke unatosha, si ndiyo? Mvuke unaua kila kitu." Tukasema wote ndiyo. Kabelo alisema ndiyo, wasomi wakasema ndiyo, mie nikasema ndiyo kuwashinda wote, maana ile oveni ilikuwa inanichoma nyusi. Ikazimwa. Kabelo akaanika mataulo juu yake.

Hakuna aliyeiwaza tena. Baada ya muda Nsimire akaja kwenye ndoo yake, kashika kichwa.

"Nini wewe?"

"Mama, zinalamuka."

"Si ndiyo kazi yako ziamke?"

"Zile bila dawa. Zinalamuka zenyewe. Sijaziambia kitu, sijaziguse, zinawaka tu kijani, bure!"

Akabadilisha glavu, akahama meza, akaagiza seli mpya. Zinawaka. Kila mtu akaja na lake. Kabelo akasema ni kabati la joto, linacheza umeme ukikatika. Wakaangalia, kabati zima. Mie nikasema ni yale manukato yake ya Kikongo, yanaamsha hata waliokufa. Akaacha kujipulizia, wiki nzima akanuka sabuni kama mie. Zinawaka.

Hapo Prof akamwita. Mlango ulikuwa wazi, nilikuwa napitisha toroli, nikasikia. Hakuwa na hasira, na ndiyo iliyoniumiza. "Hm-hrrm. Nsimire, nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Seli za kulala zisipolala, hatuwezi kusema chochote kuhusu dawa yako. Itabidi tuifunge hii kazi." Mtoto akatoka, uso umekauka. Kibali chake cha kukaa nchi hii kilikuwa cha masomo. Masomo yakifungwa, kibali nacho kimekufa, na Bukavu wakati ule hapakuwa mahali pa kumrudisha mtoto wa mtu. Mama yake alikuwa anamwambia kwenye simu, "Usirudi kwanza, kaa huko huko." Akaniuliza, "Mama, nitakaa huko huko wapi?" Nikamsukumia chupa moja aisuuze, mikono ipate kazi.

Ijumaa moja tumekaa chumba cha chai. Prof yuko Cape Town kwenye mkutano, Kabelo mwenyewe ndiye aliyempeleka kiwanja cha ndege. Nilikuwa nimenunua magwinya, maandazi ya huku, kwa yule mama wa kwenye kona, ya moto, sinia zima. Wote wanakula, Nsimire anaangalia chai yake kama kuna mtu kazama ndani. Nikajisemea, huyu leo lazima acheke. Nikatoka kimya kimya, nikasimama kwenye korido.

"Hm-hrrm!"

Mngeona! Vikombe vikagonga meza. Mmoja akakimbilia hadubini, mwingine kafungua friji anaangalia ndani tu hajui anatafuta nini, mmoja kavaa koti la maabara nyuma mbele. Nusu dakika, chumba cheupe. Amebaki Kabelo. Hakusogea. Kalivuta sinia mbele yake, anakula magwinya ya watu wote, taratibu, kwa amani.

Nikaingia. Walivyoniona, matusi ya kila lugha ya Afrika. Nsimire akacheka mpaka akajifuta machozi, nami nikafurahi, nimekipata nilichotaka. Ghafla akainua kidole.

"Mama, rudilia."

"Nini?"

"Ile. Rudilia."

Nikarudia, hapo hapo, mbele yake, ananiangalia mdomoni. Hm-hrrm. Na yeye mwenyewe akasimama! Akajiangalia miguu.

"Prof haiko," anasema.

"Hayupo, yuko Cape Town."

"Na wote tunajua haiko. Na tumekimbia. Na Kabelo anakula."

"Kabelo anakula kila siku, mwanangu."

"Lakini Kabelo hakukohoa."

"Atakohoaje, mdomo umejaa?"

Hakucheka. Akanishika mkono, mikono yake ya baridi. "Mama. Nani anakohoa ndani ya chupa zangu?"

Jamani, niliwaka! Chupa zake, yaani chupa zangu mie! "Sikiliza wewe binti, chupa zangu zimetoka kwenye mvuke, mle hakuna kinachoishi!"

"Njo vile, Mama! Hakuna kinachoishi. Mvuke inaua bakteria, lakini ngozi yake inabakia imenata kwenye kioo. Vipande vidogo, huvione. Seli ikigusa ile ngozi, haijue kama mwenyewe alikufa. Inapiga yowe. Yowe inafungua jeni za vita, na kirusi kiko na kufuli ile ile." Akamuonyesha Kabelo kwa kidole. "Kirusi njo huyu. Yeye hakuita mutu. Alingoja tu muitwe."

Kabelo akaacha kutafuna. "Mie nimefanya nini tena?"

Nikamuuliza Nsimire, sasa hiyo ngozi, kama mvuke haiiwezi, inatolewa na nini? Akafikiri kidogo, anakumbuka darasani kwao. Akasema, "Moto kavu. Moto mukali sana, muda murefu."

Tukaangaliana. Halafu tukaangalia kule ukutani, ilipo oveni, na mataulo ya Kabelo juu yake.

Nilishuka ngazi na simu nikampigia Ma-Dlamini. Kuku wanalia nyuma. Nikamwambia, Ma, ile oveni ina sababu! "Nilikwambia nini, Tanzania?" Hukuniambia kitu, Ma! "Nilikwambia uoke. Si nilikwambia uoke?" Akakata.

Haikutosha kusema, ilibidi kuonyesha. Tukagawa chupa, hizi zimetoka kwenye mvuke tu, hizi mvuke na oveni. Nsimire akataka kila upande upite njia moja, maji yale yale, chakula kile kile, seli zile zile. Shida ikawa umeme wa kuoka. Kabelo, nampa sifa yake, akawa anaangalia ratiba ya mgao kwenye simu kama mtu anayesubiri matokeo ya mpira. "Mama Zu, washa, washa sasa hivi, tunao mpaka mchana!" Mara ya kwanza ukakatika kabla ya saa yake. Tukaanza upya yote, hatukuchanganya. Mara ya pili ukakaa. Nilikaa mbele ya ile oveni nyusi zinaungua nikiisemesha kama mgonjwa.

Prof akarudi. Mwezi unakwisha. Tukajibana wote kwenye kile chumba kidogo cha hadubini, taa zimezimwa. Nsimire akaweka kisahani cha kwanza, cha chupa zisizookwa. Prof akainama. "Ja. Kijani." Nami wakanionyesha, kijani tupu, kama robot zote za Johannesburg, zile taa za barabarani, zimeruhusu kwa pamoja. Nsimire akaweka cha pili. Nikamshika kiwiko.

Prof akainama. Akakaa. Akazungusha kitufe, akakaa tena.

"Sioni kitu."

Nsimire akasema polepole, "Hakuna kitu cha kuona, Prof."

"Ni giza."

"Ndiyo."

Akatia cha tatu, kilichookwa na kutiwa dawa yake. Prof akainama tena. Akainuka, akamwachia Nsimire kiti aangalie mwenyewe, na sote tukajua kinawaka. Mji mzima ulikuwa unalaani giza siku zile, na sisi tumesimama mle tunashikana mikono kwa ajili ya kisahani kimoja cheusi. Kabelo alinifuta machozi na lile taulo lake.

Halafu Prof akauliza, mlijuaje?

Kila mtu anaangalia viatu. Nsimire, mtoto wangu huyo, akanigeukia. "Mama Zuhura atawaonyesha."

Nilitamani sakafu inimeze. Lakini mie nikishaanzwa sijui kurudi nyuma. Nikajinyoosha mrefu, nikakaza shingo. "Hm-hrrm!"

Prof mwenyewe, wallahi naapa, akafunga kifungo cha koti akageuka kuangalia mlangoni.

Kilichotokea hapo siwezi kukiiga, tulikuwa tunacheka watu wengi mno. Yeye ndiye alicheka mwisho na akacheka zaidi. Oveni ikapewa waya wake kwenye genereta, mataulo yakahamishwa, na Nsimire akamaliza masomo yake hapa hapa. Siku wanamvalisha lile joho, kiti cha mama yake nilikalia mie, maana mama alikuwa mbali. Na kinu changu nilikigonga usiku ule nikitwanga njugu za sherehe, aliyehamia chini akagonga dari, nikamwambia panda juu ule.

Nimestaafu sasa. Prof alifariki mwaka jana. Nilikwenda kumzika, nikakaa nyuma, nikajibana sana, sikuiga mtu.

Nsimire anakuja Jumapili. Daktari mzima, ana wanafunzi wake, ana hao wa kuwafokea. Lifti ya jengo letu imekufa, kwa hiyo najua anapanda ngazi, nasikia viatu. Jumapili iliyopita nilikuwa nimejilaza hapa kwenye kochi, miguu inauma, Lindi amenipikia chai. Viatu vikasimama mlangoni. Habishi hodi. Halafu, upande wa pili wa mlango:

"Hm-hrrm!"

Najua Prof tumeshamfukia, udongo nilitupa mwenyewe. Najua nani yuko mlangoni. Lakini nilikuwa nimeshasimama, mwanangu, nimeshasimama katikati ya sebule, natafuta glavu.